Bei ya Kulinyamazisha Gari la Achille

Jumapili tarehe 10 Novemba 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mvua ilikuwa imekatika muda mfupi uliopita juu ya Kibagabaga, na mabati yalikuwa bado yakidondosha matone ya mwisho. Johnson Sangwa alikuwa barazani kwa mama yake, mgongo wima, akinywa chai kwenye kikombe cha kaure chenye kisahani na ukingo wa rangi ya dhahabu. Alikuwa amekwisha kukaa hapo nusu saa. Walikuwa wamezungumza juu ya dawa za macho, juu ya bei ya mkaa, juu ya padri mpya ambaye mahubiri yake hayakuwa na mwisho, na mama alimjibu kila jambo kwa adabu, mikono imelala mapajani, kama mwanamke anayempokea mkaguzi wa shule.

Kisha kutoka bondeni, upande wa hospitali, ukasikika mngurumo.

Ulianza kama mtu anayeburuta pipa tupu juu ya mawe, ukapanda, ukazimika kidogo penye tuta, ukaanza tena kwa nguvu zaidi. Bibi Athanasie, mwenye umri wa miaka themanini na mbili, ambaye presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga na vivuli tu, aliinua kichwa. Johnson aliuona uso wa mama yake ukifunguka, akatamani asingeuona.

"Achille huyo," mama alisema. "Claudette, maziwa."

Hakungoja kushikwa mkono. Alisimama, akaweka kiganja ukutani, akaufuata ukuta hadi ulipoishia, kisha akavuka ua wenye maji kwa ndara zake za nyumbani, bila kupapasa, kwa maana safari hiyo aliijua kuliko sala zake. Komeo aliliondoa mwenyewe. Pikapu ya Achille ilipofika mbele ya lango ikitetemeka na kutema moshi, lango lilikuwa wazi na bibi alikuwa amesimama katikati yake, mikono imekwisha kutanuka.

"Amashyo," alisema, salamu ya watu wa kale inayomtakia mtu makundi ya ng'ombe.

"Amashongore, mama," akajibu Achille, ambaye maishani mwake hakuwahi kumiliki hata ndama.

Akakumbatiwa. Bega la kushoto, bega la kulia, bega la kushoto tena. Viganja vya mama vikapanda shingoni, vikashuka mgongoni, na midomo yake ikawa inataja sikioni mwa mwanawe yale yote ambayo mama mzee humtakia mtoto: uzazi, amani, mvua kwa wakati wake, kuamka mzima. Halikuwa jambo la kuharakishwa. Lilipokwisha, Claudette, mpwa wao aliyemtunza bibi, alikuwa amesimama hapo na maziwa ya moto ndani ya kikombe kikubwa cha bati la buluu, kilichobanduka rangi mdomoni, kikombe kilichotoka nao Bujumbura.

Johnson alibaki barazani na kisahani chake. Gari lake mwenyewe lilikuwa limeegeshwa uani, jeusi, lililohudumiwa kwa tarehe, lenye kupanda kilima chote bila mtu kujua. Kila Jumapili alipofika nje ya lango alimpigia Claudette simu, naye akaja kufungua. Mama alitambua kwamba mwanawe mkubwa amekuja pale aliposikia viatu vyake barazani, na hapo hapakuwa tena na sababu ya kuinuka. Siku moja Johnson aliwahi kujishusha hata akapiga honi mara mbili pale kwenye kona. Alipoingia alimkuta mama akimuuliza Claudette ni mshenzi gani huyo anayepiga honi karibu na wagonjwa.

Wivu ni neno ambalo Johnson asingalikubali liandikwe karibu na jina lake. Yeye alijihesabu kuwa mtu wa haki. Alikuwa mkadiriaji wa hasara katika kampuni ya bima, na mafundi wa mji mzima walimjua kwa jambo moja: hakuidhinisha kipuri kipya palipotosha kilichotumika. Ukali huo aliutoa bweni. Baba yao alipofariki, walikuwa wakimbizi mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, chumba kimoja, watoto wawili. Mjomba aliyekuwa Tanzania akaandika kwamba anaweza kumchukua mmoja na kumsomesha. Mama akamtoa Johnson, mwenye miaka kumi na miwili, na akambakiza Achille. Shule ya bweni ikamfundisha mtoto yule kutandika kitanda pasipo mkunjo, kusimama mstarini pasipo kunong'ona, kutogusa sahani kabla wote hawajapakuliwa, na kutolia. Alikuwa wa kwanza darasani, akawa kiranja, na hata leo, akiwa na nywele nyeupe, huwaambia vijana ofisini, "Sisi wa bweni hatukubembelezwa," kwa sauti ya mtu anayeonyesha nishani.

Lakini alipomwona Achille akinywa maziwa yale kwa mafunda makubwa, na povu likibaki juu ya masharubu, na mama akilipangusa kwa kidole kana kwamba ana macho, nishani ile ilimchoma kifuani.

Achille alivuta kigoda akaketi. Alikuwa mfanyabiashara wa viazi, mnene, mchangamfu, mwenye udongo kwenye kucha hata Jumapili. Alieleza, huku akicheka, kwamba pikapu imeanguka kwenye ukaguzi wa magari. Breki nzima, taa nzima, ekzosi imekataliwa kwa kelele. Amepewa nafasi ya kuirudisha kabla ya mwezi kwisha, na yeye kesho anapanda gari la mwenzake kwenda Musanze kukusanya mzigo, na fedha zake zote ziko shambani chini ya udongo. Akamwomba kaka yake mambo mawili: alipeleke gari kwa fundi anayemwamini, na amkopeshe gharama.

"Tafuta kitu cha bei ya chini, kaka," alisema. "Kipite ukaguzi, basi. Hili ni gari la viazi, si la waziri. Jumapili ya kwanza ya Desemba nitakuletea pesa yako hapahapa, mbele ya mama."

Johnson alikubali kwa maneno machache, kama alivyozoea kuidhinisha madai.

Jumanne alilifuata gari nyumbani kwa Achille, Kimironko, akafungua mlango wake uliolia, akakuta kwamba ile karatasi ya ukaguzi haimo. Kwa simu, Achille akakumbuka kuwa aliisahau kwa mama, juu ya kabati. Hivyo Johnson akaligeuza gari kuelekea Kibagabaga. Lilinguruma chini yake hata usukani ukamwasha viganja. Waliokuwa kando ya barabara waligeuka, wakaona mwanamume mwenye tai ndani ya pikapu ya viazi, wakatazamana. Alifunga kioo. Hakikusaidia kitu.

Alipopita hospitali na kuanza kupanda, wala hakuwa akiwaza jambo lolote baya, aliona lango la mama yake likifunguka.

Mama alikuwa amesimama katikati. Kanga ilimteleza begani kwa haraka aliyotoka nayo.

Johnson alizima gari. Kimya kilirudi, na ndani ya kimya hicho palikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema "Ni mimi, mama." Maneno matatu. Aliyekuwa kiranja, aliyepata kumwadhibu mwanafunzi kwa kujibu "nipo" badala ya mwenzake, alishuka bila kuyasema.

"Amashyo, Achille wangu. Na leo si Jumapili."

"Amashongore," alijibu, kwa sauti ya chini, kooni.

Naye akakumbatiwa. Bega la kushoto, bega la kulia. Viganja vilipanda shingoni mwake, na pumzi ya mama ikaanza kumtajia uzazi na amani na mvua, na Johnson, ambaye alikuwa amekadiria magari yaliyopondeka na watu waliokufa ndani yake bila kupepesa jicho, alifumba macho akainamisha kichwa ili apungue urefu, maana Achille alikuwa mfupi. Alitaka iishe asije akajulikana, na alitaka isiishe.

"Ah, karibu tonto Johnson," akasema Claudette kwa mjomba wake, akitoka jikoni na kikombe cha buluu.

Viganja vikasimama. Havikuondoka mara moja, bali vilisimama pale mgongoni, kisha vikapapasa kola, vikapapasa tai.

"Johnson?" mama alisema. "Mbona hukusema, mwanangu?"

Akaondoa mikono kwa upole, akajifunika kanga vizuri, akacheka kidogo kwa aibu, kama mtu aliyemwita mgeni kwa jina lisilo lake. Akasema macho haya yatamfedhehesha siku moja mbele ya watu. Kisha akamgeukia Claudette, na alilosema halikuwa na ubaya wowote ndani yake.

"Rudisha hayo maziwa. Johnson mwekee chai."

Kikombe cha buluu kikarudi jikoni kikifuka mvuke. Chai ikaja kwenye kaure. Johnson aliinywa yote, akashukuru, akachukua karatasi juu ya kabati, akaondoka. Njiani gari lilinguruma vilevile, lakini sasa kila mlio aliusikia kama jina la mtu mwingine.

Gereji ya Gratien ilikuwa Nyamirambo, nyuma ya mafundi cherehani, uwanja mdogo uliojaa vyuma. Gratien alikuwa mtu wa maneno mengi na kofia ya soka. Alisikia pikapu ikiingia, akaziba masikio kwa vidole, akawaambia wenzake kwamba helikopta imetua. Kisha akamtambua dereva, akavua kofia.

Alimweleza Johnson habari zote akiwa amelala chini ya gari. Bomba limeliwa na kutu, sailensa imebaki ganda, ndani hamna kitu. Kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, achomelee palipotoboka. Bei ndogo kabisa, ila kelele ingerudi kabla ya Krismasi. Ya pili, atengeneze sailensa hapohapo kwa bati nene, aijaze sufi ya chuma, kwa elfu themanini. Hiyo ingepita ukaguzi bila shida, na gari lingebaki na sauti yake ya kiume, si kelele tena, sauti tu. Ya tatu ilikuwa mpya ya kiwandani, bomba lote kuanzia kwenye injini, ya kuagizwa dukani kwa laki nne na kumi.

"Hiyo ya tatu nakutajia tu, mzee," Gratien alisema. "Gari yenyewe ikiuzwa sijui kama itapata hata milioni mbili. Hii gari iko ya viazi. Viazi haviumwi kichwa."

Wenzake walicheka. Siku nyingine yoyote Johnson angekuwa wa kwanza kuikubali hoja hiyo, na angeongeza yake: kwamba gharama ya kipuri lazima ilingane na thamani ya chombo. Hukumu hiyo alikuwa ameitoa mara nyingi juu ya magari ya watu wengine hata mafundi walikuwa wakimwigiza.

Badala yake aliuliza ile ya pili ingesikika umbali gani.

Gratien alikuna kichwa. Akasema inategemea kilima na upepo. Mtu mwenye masikio mazuri angeisikia mtaa mzima kabla haijafika. Alidhani hilo ndilo linalomsumbua mteja, kwa hiyo akaapa kwamba haitamkera mtu, kwamba ni mngurumo mzuri, wa chini, kama mtu anayesali.

"Na ya kiwandani?"

"Hiyo mzee utafika kwako, mke wako atashtuka uko mezani."

Johnson alisimama juu ya udongo uliolowa mafuta, mikono nyuma, akapima. Hakujidanganya kwa muda mrefu. Alijipa sababu ya sheria, kwamba mji una utaratibu wake na wagonjwa wa hospitali wanastahili utulivu. Akajipa na sababu ya undugu, kwamba mtu humtafutia nduguye kilicho bora. Zote zilikuwa sababu nzuri. Lakini chini yao aliiona picha moja, akaitazama bila kugeuza uso: lango lililofungwa, Achille nje akibisha, na mama barazani, mikono mapajani, hajui.

"Weka ya tatu," alisema.

Gratien alimtazama, akamtazama tena, akarudisha kofia kichwani.

Jioni, nyumbani kwao Rebero, mkewe Harriet alipoona ujumbe wa malipo kwenye simu alikaa chini. Alikuwa amelelewa Uganda, mwenye ulimi mwepesi, na miaka thelathini ya ndoa ilikuwa imemfundisha hesabu za mumewe. Alimkumbusha kwamba mwaka jana alikataa kubadilisha friji kwa sababu ilikuwa inavuja upande mmoja tu. Akauliza huruma hii imemshukia lini, na kama ina ndugu zake, ipitie na jikoni. Johnson alijibu kwamba ni ndugu yake. Harriet akasema, "Ndugu yako alikuwa ndugu yako tangu zamani, mume wangu," akaenda kupika.

Achille aliporudi kutoka Musanze alikaribia kulia. Alipita ukaguzi wakamsifu. Alimpigia kaka yake simu mbele ya wafanyabiashara wenzake ili wasikie, akasema gari limekuwa kama la balozi, kwamba amekuwa akiliwasha tena barabarani kwa kusahau kwamba linawaka.

Jumapili tarehe 24, Johnson aliwahi kufika kuliko kawaida. Aliketi barazani na chai yake. Mama alijibu maswali yake kwa adabu, lakini kichwa kilikuwa kimeinama upande wa bondeni. Saa kumi na nusu ikapita. Mama akauliza kama redio ya jirani imewashwa. Haikuwa imewashwa. Akauliza kama kuna upepo.

Johnson, mwenye macho mazima, aliona paa la pikapu likisogea juu ya ukuta, kimya kama wingu, likasimama. Alinyamaza. Mlango wa gari ukafungwa, lango likagongwa, Claudette akakimbia kufungua, na Achille akaingia na kofia mkononi, akitafuta kwa macho mtu ambaye siku zote alimkuta langoni. Akavuka ua mwenyewe. Aliinama akamsalimia mama pale alipoketi, na mama akashtuka, akataka kuinuka, miguu ikachelewa. Alimkumbatia nusu, amekaa. Maziwa hayakuwa yamepashwa moto. Achille alisema hata hana kiu.

Johnson alingoja furaha imjie. Ilikuja, ndogo na kavu, na kabla hajaizoea Achille akatoka nje kumsaidia Claudette kushusha gunia. Hapo mama akanyoosha mkono hewani, akautafuta mkono wa Johnson, akaushika. Hakuwa amewahi kufanya hivyo.

"Wewe ni mtu wa siri," alimnong'oneza. "Masikio nayo yananiacha. Sikumsikia. Alikuja na gari na sikumsikia kabisa. Kwanza macho, sasa haya. Usimwambie mdogo wako, atahuzunika. Nitafutie wewe daktari, unipeleke kimyakimya."

Aliushika mkono ule mpaka Achille aliporudi.

Juma lile lote Johnson aliishi na mkono huo. Mama alimpigia simu Jumatatu, na Jumatano, jambo ambalo hakulifanya kamwe bila msiba. Alitaka kujua habari ya daktari, na baada ya hapo alizungumza tu, akimweleza anavyojaribu masikio yake kwa saa ya ukutani, anavyomwambia Claudette apige sufuria chumbani. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemhitaji mtu. Yote aliyokuwa akiyatamani tangu utotoni yalikuwa yakimjia kwa waya, na kilichotakiwa ili yaendelee ni yeye kunyamaza, kazi aliyoimudu kuliko watu wote. Alimwambia mama kwamba anaulizia daktari mzuri. Usingizi ulikataa. Harriet alipomuuliza, alisema ni hesabu za mwisho wa mwezi.

Jumapili ya kwanza ya Desemba ilikuwa na manyunyu. Johnson alipopanda kilima kwa gari lake lisilosikika, alimwona mama kutoka mbali. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya lango, pembeni mwa barabara, mwavuli mkononi, kanga imelowa hadi magotini. Claudette alikuwa amesimama nyuma yake, amekata tamaa. Tangu alipotoka misani bibi alikuwa amekataa kuingia ndani, asije Achille akapita tena bila yeye kujua.

Johnson alizima gari akashuka. Mama alisikia mlango, akasimama upesi, mikono ikaanza kutanuka.

"Achille?"

Safari hii aliyasema yale maneno. "Ni mimi, mama. Ni Johnson."

"Ah." Mikono ikashuka. "Karibu, mwanangu. Nilidhani ni mdogo wako."

Johnson alimshika mama kiwiko, akamwingiza ndani, akamketisha barazani, akamfunika miguu kwa koti lake. Claudette alipoleta sinia la vikombe, Johnson hakutaka chai. Alimngojea Achille, naye Achille alipofika, bila mlio, akaingia na bahasha nene ndani ya mfuko wa shati, Johnson alisimama kama walivyokuwa wakisimama mbele ya mwalimu mkuu.

"Mama," alisema, "masikio yako ni mazima. Hakuna daktari niliyemtafuta, kwa sababu hakuna ugonjwa. Gari la Achille halina tena mlio. Kulikuwa na sailensa ya elfu themanini ambayo ungeisikia toka hospitalini. Mimi nikachagua ya laki nne, ili usiisikie. Nilitaka siku moja na yeye afike kama ninavyofika mimi."

Manyunyu yaligonga bati. Achille alitazama pikapu yake uani, akamtazama kaka yake. Kilichomjia mama kwanza usoni hakikuwa hasira. Aligusa sikio lake moja, kisha la pili, taratibu, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa.

Kisha hasira ikaja. Alimwambia kwamba kwa juma zima alikuwa akijiaga. Kwamba alikwisha kufikiri jinsi ya kukaa gizani bila sauti ya mtu. Alisema hayo polepole, na Johnson hakuketi.

"Unafikaje wewe?" mama aliuliza mwishowe. "Eleza. Kufika kwako hapa kuna ubaya gani?"

Johnson aligusa ukingo wa kikombe cha kaure. Alisema, "Mimi hupewa chai."

Achille ndiye aliyeanza kucheka, si kwa furaha. "Chai," alisema. "Kaka, hicho kikombe unakijua? Mama alikinunua mwaka ule ulipokuja likizo ya kwanza. Aliuza kitenge cha harusi yake. Alisema wanafunzi wa bweni hawanywei bati. Mimi nilipokigusa nilichapwa. Mpaka leo sijakinywea. Wewe ulipata shule, ukapata na kikombe. Mimi nikabaki na mama. Sasa ulitaka na lango?"

"Nyamaza, Achille," mama alisema, lakini hakusema kwamba ni uongo.

Johnson alikitazama kikombe kwenye sinia, ukingo wa dhahabu uliofifia upande mmoja, pale midomo yake ilipokuwa ikigusa tangu utotoni. Alijua kwamba angepaswa kuguswa, na aliguswa. Hata hivyo, ndani yake, mtoto wa miaka kumi na miwili bado alilitaka bati.

Achille alitoa bahasha mfukoni, akaiweka mezani kati ya vikombe. Alikuwa ameahidi mbele ya mama na hakuwa mtu wa kuvunja ahadi yake, hata leo, hasa leo. Alisema ni laki nne na kumi kamili, aihesabu.

Johnson hakuihesabu. Aliisukuma kwa vidole viwili hadi upande wa mdogo wake.

"Deni hili silipokei," alisema. "Wewe uliomba kitu cha elfu themanini. Hicho kingine sikukukopesha. Nilikinunua mwenyewe, kwa haja yangu, na ni juu yangu kukilipa. Kesho nitampelekea Gratien gari, akutengenezee ile ya pili. Nayo nitailipa mimi."

Achille aliitazama bahasha. Angeweza kubishana kwa adabu, kama ndugu wafanyavyo mbele ya mama. Hakubishana. Aliichukua, akairudisha mfukoni, akafunga kifungo.